Kituo cha Nne, Yanayaku

Shuka ni la mama yake Herlinda,
lile la harusi, lenye kiraka pembeni
kilichoshonwa kwa uzi usiofanana.
Tunalitundika kati ya miti miwili yenye ndevu za kuvumwani,
jenereta inakohoa mara tatu, taa inawaka,
kisha tunakaa juu ya gogo lililolowa
kama wageni waliofika kabla ya wenyeji.

Mita elfu mbili, mia moja na hamsini.
Milima ya Andesi hapa haina anga; ina ukungu
unaopita katikati yetu bila kubisha hodi.

Saa moja na nusu: wa kwanza,
mdogo, rangi ya majivu ya jana.
Kisha watatu. Kisha kalamu yangu inaachwa nyuma:
wa kijani aliyejifanya kuvu,
mwenye mabawa ya jani lililooza, hata tundu la kiwavi limechorwa juu yake,
mweupe kama karatasi ya sigara,
na huyu, kichwa chini, mkia juu,
anayejidai ni kijiti kilichovunjika.
"Usiseme wengi," Herlinda ananikemea.
"Wengi si idadi. Wengi ni uvivu."

Basi nahesabu.
Mia tatu na kumi na saba kabla ya saa nne,
na katika safu ya jina nachora mstari mtupu.
Mstari mtupu. Mstari mtupu.
Herlinda anasema mistari hiyo ndiyo msitu.

Lizardo Quizhpe ameshika mwavuli juu ya taa.
Miaka kumi na sita alipasua mbao huku huku;
kila mti anaujua kwa mlio wa kuanguka kwake.
Sasa analipwa kukaa kimya chini yake.
Anatafuna mahindi ya kuchemsha, moja moja, kutoka mfukoni.

Bondeni, penye daraja jipya,
kuna nondo zilizolazwa topeni, tani kwa tani,
zinangoja zege, zinangoja barabara.
Huku juu kuna nondo waliotua shukani,
hawangoji mtu.
Neno ni moja; tofauti ni zile na hawa,
na atakayekosea upatanisho huo
ataupima msitu kwa kilo.

Saa saba usiku akaja yule mweusi,
mpana kama kiganja cha mpasua mbao,
akatua kando ya kiraka.
Kwao Lizardo, mweusi huyo akiingia nyumbani
watu hushika ufagio, hufungua mlango,
kisha huangaliana nani anakohoa.
Aprili aliingia, akakaa ukutani juu ya kitanda cha baba yake.
Siku ya tatu mzee akaenda.

Nikautazama mwavuli. Ulitikisika,
matone yakachacharika kwenye kioo cha moto,
ukatulia.
"Huyu ana jina?"
Herlinda akamtajia, jina refu la Kilatini, kama la kwenye misa.
Lizardo akalirudia mara mbili, akikosea pale pale.
"Mwandike," akaniambia. "Baba alihesabiwa. Na huyu ahesabiwe."

Nikaandika: mmoja.

Kabla ya mapambazuko lazima tulikung'ute shuka.
Ndege wameshajua; kwao taa yetu ni meza iliyoandikwa.
Usiku wa tano tulichelewa dakika ishirini
tukakuta mabawa matupu chini, kama maganda ya karanga baada ya matanga,
na hakuna safu ya kuyaandika hayo.
Sisi ndio tuliowaita.

Kwa hiyo saa kumi na nusu Herlinda anashika pembe mbili,
mimi mbili, tunapunga taratibu,
na Lizardo anamfunika mweusi kwa kikombe chake cha plastiki,
anatia kiganja chini,
anakwenda naye gizani,
mbali kuliko inavyohitajika.

Tunamsubiri. Jenereta imezimwa.
Unga wa mabawa umebaki kwenye mikunjo ya shuka;
mama akiuliza, ataambiwa ni vumbi la njiani.
Mahali fulani juu yetu ndege wa kwanza anasafisha koo.

Lizardo anarudi, kikombe kitupu,
anakinyoosha kwangu
nimmiminie chai.